Bushi ya 0.287

Alikuja kwangu Jumamosi moja ya Februari, theluji bado imejaa kwenye ngazi, ameshika sanduku la risasi 50 na karatasi tatu za shabaha. Kabla hata hajavua koti akaziweka mezani.

"Kaka, tazama. Hii ya kwanza ni risasi za dukani. Hizi mbili ni za risasi nilizojaza mwenyewe nyumbani. Nimetumia zaidi ya dola 1,000 kwa vifaa, na za dukani bado zinanishinda."

Ni mtu wa Mombasa, dereva wa malori, tumekutana hapa Ohio kwenye uwanja wa shabaha na tumekuwa ndugu. Ni mtu makini. Kila risasi aliyojaza imeandikwa kwenye daftari: tarehe, uzito wa baruti, baridi ya siku hiyo. Ndiyo maana kisa chake kinafaa kuchambuliwa. Aliyekosea kwa uzembe hufundisha kidogo. Huyu alikosea huku anajitahidi.

Kwanza niseme jambo la sheria, maana wasomaji wa Kiswahili wametapakaa. Hapa Marekani mtu mwenye haki ya kumiliki bunduki anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kujaza risasi za matumizi yake bila leseni. Akitaka kuziuza ndipo leseni inahitajika. Lakini aliye hapa kwa viza ya muda, kwa kawaida sheria hiyo hiyo inamkataza kushika bunduki na hata risasi, ila kwa hali chache kama kuwa na leseni halali ya kuwinda. Na aliye Tanzania au Kenya asijaribu kabisa: kutengeneza risasi bila kibali cha serikali huko ni kosa la jinai. Jambo la pili, sitataja uzito wa baruti hata mara moja. Namba hizo hutoka kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti, na mtu huanzia chini akapanda polepole.

Sasa maneno. Kwa kuwa "risasi" kwetu hubeba maana mbili, hapa risasi ni kitu kizima. Ndani yake mna ganda la shaba nyeupe, kichwa kinachoruka, baruti, na fataki inayowasha baruti. Ganda lina kitako, kiwiliwili, bega na shingo. Shingo ndiyo inayoshika kichwa. Kalibu, ambayo mafundi wengi huiita dai, ni bomba la chuma kigumu linalofungwa kwenye presi, mashine ya mkono ya kukandamizia. Kalibu ya kubana hulirudisha ganda lililopigwa kwenye umbo lake. Kalibu ya kukalisha huzamisha kichwa shingoni hadi kina unachotaka.

Bunduki yake ni ya bolti, yaani komeo linalofungwa kwa mkono, kasiba ya inchi 26 ambayo mifereji yake ya ndani huzunguka mara moja kwa kila inchi 8, na chemba, mahali risasi inapokaa, ni ya kiwandani, ya risasi iitwayo 6.5 Creedmoor. Risasi hii ilitolewa na Hornady mwaka 2007 kwa ajili ya mashindano ya shabaha, na jina lake limetokana na uwanja wa Creedmoor huko Long Island, New York, ambako mwaka 1874 Wamarekani waliwashinda Waayalandi kwa pointi 934 kwa 931. Mambo mengi ya kisa hiki yangetokea kwa risasi nyingine yoyote. Ila kuna moja ambalo ni la maganda aliyochagua, na nitalifikia.

Alinunua vitu vyote kwa siku moja. Maganda 100 ya Lapua, yale yenye nafasi ya fataki ndogo. Vichwa vya greni 140 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), vyembamba na virefu puani. Baruti ya H4350, ambayo hutengenezwa Australia na inasifika kwa kutobadilika sana joto linapopanda au kushuka. Kwa Ohio, yenye Januari ya kugandisha na Julai ya kuchoma, ni chaguo la akili. Kalibu ya kubana inayotumia bushi, yaani pete ya chuma ngumu inayobadilishwa, ambayo ndiyo inayoamua shingo ibanwe kiasi gani. Na kalibu ya kukalisha yenye maikromita juu, ghali kuliko kitu kingine chochote kwenye orodha.

Bushi aliyoagiza ilikuwa ya inchi 0.287. Nikamuuliza kwa nini 0.287.

"Jamaa mmoja wa uwanjani ana bunduki kama yangu. Anapiga vizuri sana. Nikamuuliza, akaniambia anatumia hiyo."

Sikusema neno wakati huo, lakini kisa chote kilikuwa ndani ya jibu hilo.

Karatasi zake zilisema hivi. Kwa yadi 100, risasi za dukani zilitoboa matundu matano ndani ya inchi 0.8. Zake zilisambaa inchi 1.3. Kwa yadi 600 zake zilijipanga wima, kama inchi 9 kutoka juu hadi chini, wakati upana ulikuwa wa kawaida tu wa upepo. Duara la kumi kwenye shabaha ya daraja la F, mashindano ya kupiga mbali kwa bunduki iliyoegemezwa, kwa umbali huo lina kipenyo cha inchi 6. Mtu anaweza kusoma upepo kwa ustadi wote na bado akapoteza pointi, kwa sababu bunduki inapiga juu na chini yenyewe.

Mwenzangu alishaamua mshitakiwa ni nani: kalibu ya kukalisha. "Vichwa vimepinda, kaka. Nikivizungusha mezani naviona vinayumba." Kuyumba kulikuwa kweli, na hata mimi nilikuona kwa macho. Lakini risasi iliyokamilika haikuambii ilipinda katika hatua gani. Kwa hiyo tulipima kila hatua peke yake. Tulichukua geji ya saa, ile yenye mshale unaocheza kwenye uso wa mviringo, na kibao cha kuzungushia ganda juu ya vibiringo.

Maganda kumi yaliyotoka kwenye bunduki, hayajaguswa na kalibu: shingo zilicheza inchi 0.001 au pungufu. Chemba ilikuwa imenyooka. Maganda yale yale baada ya kubanwa: kati ya 0.004 na 0.006. Kisha tukakalisha vichwa: kati ya 0.005 na 0.008. Soma namba hizo kwa mfuatano utaona kalibu ya kukalisha iliongeza kidogo tu juu ya kosa lililokwisha kutendeka. Ile ya kubana ndiyo iliyopokea shingo iliyonyooka ikairudisha imepinda.

Tukapima shingo zenyewe. Ukuta wa shingo ya maganda yake ulikuwa karibu inchi 0.0145. Kichwa cha 6.5 kina kipenyo cha 0.264. Kuta mbili pamoja na kichwa zinakuja 0.293, na kweli kalipa, kifaa cha kupimia unene, ilisoma 0.293 kwenye risasi iliyokamilika. Shingo ya ganda lililopigwa ilikuwa 0.297. Bushi ilikuwa ikiichukua shingo kutoka 0.297 hadi 0.287, inchi 0.010, kwa mvuto mmoja wa mkono wa presi.

Bushi haishiki shingo kama chemba inavyoishika. Inaelea ndani ya kalibu, na kuelea huko ndiko kunakoisaidia kujipanga na shingo pale inapobana kidogo. Ikibana sana, shaba hukimbilia upande wenye ukuta mwembamba na shingo huenda upande. Kwa uzoefu wangu na wa wengi ninaowaheshimu katika kazi hii, ukipita inchi 0.005 kwa mpigo mmoja umeingia eneo la hatari. Yeye alikuwa amefika mara mbili ya hapo.

Halafu kuna mbano. Shaba ikitoka kwenye bushi hujirudi kidogo, kama 0.001, kwa hiyo shingo ilibaki 0.288. Toa kuta mbili, tundu la ndani ni 0.259. Kichwa cha 0.264 kilikuwa kinasukumwa kwenye tundu lililo dogo kwa 0.005. Alikuwa ameondoa gololi ya kutanua shingo kutoka ndani, kwa sababu alisikia kwamba mwenye bushi haihitaji. Ni kweli haihitaji, kama bushi ni ya saizi yake.

Ndipo ile pete kwenye vichwa ikaeleweka. Kila kichwa chake kilikuwa na alama ya duara karibu na pua, mahali ambapo fimbo ya kalibu ya kukalisha hugusa. Alidhani ni fimbo mbovu. Ilikuwa nguvu tu: shingo inakataa, mkono unalazimisha, fimbo inakata shaba laini ya kichwa. Na kichwa kinachoingia kwa kulazimishwa hakikai kina kimoja. Tulipopima kutoka kitakoni hadi mahali pua inapoanza kunenepa, siyo hadi ncha, risasi 20 zilitofautiana kwa inchi 0.009. Maikromita inayosoma sehemu ya elfu ya inchi haina kazi pale.

Hesabu ya bushi inayofaa ni fupi. Risasi iliyokamilika ni 0.293. Nataka mbano wa 0.002, kwa hiyo shingo iishie 0.291. Naongeza 0.001 ya kujirudi. Bushi ni 0.290. Mtu anahitaji kalipa, risasi moja isiyo na baruti wala fataki, na dakika tano. Niliagiza 0.290, na pamoja nayo 0.293, kwa sababu hata 0.290 ilikuwa ikibana 0.007 kutoka kwenye shingo iliyopigwa. Shingo ingepita kwanza kwenye 0.293, kisha kwenye 0.290. Ni mvuto mmoja zaidi kwa kila ganda, na ni kazi ya kuchosha, lakini inanyoosha.

Tukingoja bushi, tulikuta mambo mengine matatu, na la kwanza lilinitia hofu.

Kalibu yake ya kubana ilikuwa imefungwa hadi ikagusa kishikio cha ganda kwa nguvu, kama karatasi ya maelezo inavyosema kwa mtu anayeanza. Kwa mpangilio huo bega lilikuwa likisukumwa nyuma inchi 0.007 kila mara. Bunduki ya bolti inahitaji 0.001 au 0.002 tu ili bolti ifunge bila kukwama. Ukisukuma zaidi, ganda huvutika kila linapopigwa, na linavutika palepale juu ya kitako, ukuta ukikonda kutoka ndani ambako huoni. Maganda yake yalikuwa yamepigwa mara nne. Nilinyoosha kibanio cha karatasi, nikakunja ncha yake, nikaipitisha ndani ya kila ganda taratibu. Kwa mawili kati ya yote ncha ilikwama kwenye mfereji. Ganda la namna hiyo likipigwa tena linaweza kukatika vipande viwili karibu na kitako na gesi kurudi upande wa uso wa mpigaji. Tuliyaponda kwa koleo asije mtu akayaokota.

Dawa yake haina gharama: legeza kalibu, pima bega la ganda lililopigwa, shusha kalibu kidogo kidogo, pima tena, hadi bega lirudi 0.002. Kuna pia vishikio vya ganda vyenye vimo tofauti, kama seti ya Redding inayopanda kwa 0.002 hadi 0.010, vinavyofanya kazi hiyo bila kugusa kalibu. Ni vizuri kuwa navyo, si lazima.

La pili ni lile la maganda yenyewe. Tundu la moto, linalopeleka cheche za fataki kwenye baruti, kwenye maganda haya ya Lapua lina upana wa milimita 1.5. Pini za kawaida za kutolea fataki ni nene kuliko hapo. Alikuwa amekunja pini mbili na kukwamisha ya tatu, akidhani fataki zimekaza. Maganda hayana kosa. Tundu dogo limewekwa kwa makusudi. Lakini anayenunua maganda haya anunue na pini nyembamba siku hiyo hiyo. Na tunaojua tuwaambie wageni kabla hawajaenda dukani, maana hili lingemgharimu dola chache akahifadhi jioni tatu.

La tatu, mizani. Ilikuwa ya betri, ndogo, mezani chini ya tundu la hewa ya moto ya nyumba. Niliweka jiwe la kupimia nikatazama. Hewa ilipowaka namba ilihama greni 0.3, hewa ilipozima ikarudi nusu ya njia. Punje moja ya H4350 ina uzito wa karibu greni 0.02 au kidogo zaidi, kwa hiyo alikuwa akihangaika na punje mojamoja kwa kibano huku mizani ikimdanganya kwa zaidi ya punje kumi.

Bushi zilipofika hatukubadilisha vyote kwa pamoja, ingawa yeye alitaka. Tulibadilisha kimoja, tukapiga risasi 20 juu ya kronografu, kifaa kinachopima mwendo wa kichwa, tukaandika, ndipo tukaendelea. Mwanzo, mchepuko sanifu wa mwendo, yaani kadiri mwendo wa risasi unavyotofautiana na wastani wake, ulikuwa futi 19 kwa sekunde. Kwa bushi mpya peke yake ulishuka hadi 14, na mafungu ya yadi 100, yaani upana wa matundu yaliyopigwa pamoja, yakarudi inchi 0.8, sawa na za dukani. Mpindo wa risasi kamili ulikuwa sasa kati ya 0.002 na 0.003.

Kisha fimbo ya kukalisha. Pete kwenye vichwa ilikuwa imetoweka, lakini kina bado kilitofautiana kwa 0.005. Tulipaka pua ya kichwa wino wa kalamu nene, tukakikalisha, tukakitoa: wino ulikuwa umefutika kwenye ncha. Vichwa hivi virefu vilikuwa vikigonga mwisho wa tundu la fimbo, na ncha za vichwa hazilingani urefu hata ndani ya boksi moja. Fimbo lazima ishike pua pembeni, isiguse ncha. Watengenezaji wengi wa kalibu huuza fimbo ya vichwa virefu. Kwa fimbo hiyo tofauti ikawa 0.002. Mafungu yakawa 0.7, na hapo nilimwambia asifurahi mapema: kutoka 0.8 hadi 0.7 kwa mafungu machache ni jambo ambalo bahati tu inaweza kulifanya. Mwendo haukubadilika.

Mwisho mizani. Tuliazima ya mkono, ile ya ufito na uzito wa kuteleza, tukaiweka chumba kisicho na upepo. Mchepuko ukashuka kutoka 14 hadi 9. Ukitaka kujua maana yake kwa yadi 600: kichwa cha greni 140 kinachoondoka kwa futi 2,700 kwa sekunde, kikipoteza futi 30 tu, hutua karibu inchi mbili na nusu chini. Tofauti kati ya risasi yake ya haraka na ya polepole ilikuwa imefika futi 70. Ule msimamo wima kwenye karatasi haukutoka kwenye kalibu peke yake. Sehemu yake ilitoka kwenye hewa ya moto ya nyumba.

Sasa, kama angenijia kabla ya kununua, ningemwambia nini? Ningemwambia aanze na maganda na vichwa, basi. Apige risasi za dukani siku moja apate maganda yaliyopigwa kwenye chemba yake, akalishe kichwa kimoja kwenye ganda jipya atakalolitumia, apime shingo hizo mbili. Namba hizo mbili ndizo zinazoagiza kalibu. Kwa chemba ya kiwandani yenye nafasi kubwa kama yake, mimi binafsi singechukua bushi. Ningechukua kalibu ya kawaida inayobana ganda zima na kumpa mtengenezaji aipanue shingo kwa kipimo. Forster wa Illinois wamekuwa wakiifanya huduma hiyo kwa kalibu zao. Hapo kiwiliwili, bega na shingo hushikwa na chuma kimoja kwa wakati mmoja, na shingo haina pa kukimbilia. Hasara yake ni kwamba ukihamia maganda ya unene mwingine, kipimo hakifai tena. Mwenye pesa kidogo atazame kalibu ya Lee inayobana shingo kwa vidole vya chuma dhidi ya fimbo ya ndani. Hunyoosha ajabu kwa bei yake, ila haigusi bega, na siku moja bolti itagoma kufunga.

Kwa vichwa ningemshauri anayeanza achukue vyenye pua ya tao laini, kama Sierra MatchKing ya greni 140, kabla ya vile vyenye pua ya ukali. Hivyo vya ukali hukata upepo vizuri zaidi, lakini vingi huchagua sana umbali wa kichwa hadi matuta yaliyo ndani ya kasiba, na anayejifunza ana mambo ya kutosha ya kutafuta. Fataki, achague moja ya bunduki ndefu, ndogo, abaki nayo. Akibadilisha aina ashushe baruti na kuanza upya. Hili silijadili na mtu.

Mwezi wa Mei tulikwenda yadi 600. Risasi 20, wima inchi 4, moja ikatoka nje kulia kwa upepo ambao sote wawili hatukuuona. Alipofungasha vitu aliniuliza aifanyie nini bushi ya 0.287. Nikamwambia twende tukamtafute yule jamaa aliyemtajia namba hiyo.

Tulimkuta kwenye meza ya mwisho. Alikuwa mkarimu, akatupa risasi yake moja tuipime. Maganda yake yalikuwa ya aina nyingine, membamba shingoni. Kalipa ikasoma 0.290. Toa 0.002 ya mbano na 0.001 ya kujirudi.

Mwenzangu alipiga hesabu kimya kimya, akaitoa bushi mfukoni, akaitazama, akamuuliza yule jamaa anayanunua wapi maganda hayo.